Tulivyojitayarisha kulala porini na watoto

Proklamasio imepita, vakansi imeanza, na kila lupango imejaa kelele za watoto. Wengi mmetuuliza juu ya safari tuliyofanya mwaka jana, mwezi wa saba, familia saba za mtaa wetu hapa Ruashi, tulipokwenda kulala porini na watoto wadogo. Tunaandika yote hapa, mazuri pamoja na makosa yetu, ili anayetaka kujaribu mwaka huu asianzie sifuri.

Jambo lilianzia darasani. Tulikuwa tunafundisha watoto wa mwaka wa pili habari ya miti, tukawauliza makala yanatoka wapi. Mtoto mmoja akajibu haraka: “Yanatoka kwenye gunia.” Wenzake hawakucheka, maana nao waliona ni jibu la kweli. Jioni tuliporudi nyumbani tukawauliza watoto wetu wenyewe, wakajibu vilevile. Watoto wa Lubumbashi wanajua malori ya migodi, wanajua simu, wanajua moto unapokatika wakimbilie wapi kuchaji. Pori ambalo kambo zao walizaliwa ndani yake hawalijui, na liko mwendo wa saa moja tu kutoka mjini.

Mwanzoni tulifikiri makubwa. Tulitaka kwenda Kundelungu, kwenye mbuga ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1970, tuone maporomoko ya Lofoi, ambako maji yanaanguka karibu mita 340 kwa mara moja. Kila Mkatanga anastahili kuyaona. Lakini tulipoketi na kuhesabu tuliona mambo matatu. Safari ni ndefu na njia ni ngumu kwa mtoto wa miaka mitatu. Tena wakati wa kiangazi maji ya Lofoi yanapungua sana, na kiangazi ndicho wakati wetu wa vakansi. La tatu ndilo kubwa: kati yetu hakuna aliyewahi kulala nje na watoto kwa kupenda. Mtu hajifunzi kuogelea katikati ya Luapula. Basi tukachagua shamba la kambo wa mmoja wetu, kwenye barabara ya Kasenga, kilomita 35 hivi kutoka mjini. Lofoi tukaiweka kwa siku watoto watakapokomaa miguu.

Mama mmoja alikataa

Tulipoleta habari hii katika mkutano wa siku ya posho, wengine walipiga makofi. Mama mmoja alinyamaza. Yeye ametoka upande wa Mitwaba. Mwaka 2013, wakati wa vita katika pembe ile ya Mitwaba, Manono na Pweto, alitembea siku nyingi porini na binti yake wa miaka mitatu mgongoni, wakilala chini ya miti, kisha chini ya bashi la wakimbizi. Wakati wetu wa kuagana akasema: “Ninyi mnatafuta kwa pesa kitu ambacho mimi nilimwomba Mungu kiishe. Kulala nje ni kwa mkimbizi. Nitawaambia nini watoto wangu?”

Hatukuwa na jibu. Juma zima tulizunguka na neno lile. Mmoja wetu alisema tuache, kwa heshima yake. Mwingine akasema twende bila yeye. Mwisho tulimwendea nyumbani, tukakaa naye, tukamwambia hatukuja kumlazimisha. Tulimwuliza neno moja tu: “Siku ile, ungepata juma moja la kujitayarisha, ungebeba nini?”

Alikaa kimya, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Maji. Blanketi. Dawa ya homa ya mtoto. Chumvi. Kiberiti ndani ya mfuko usioingia maji. Kamba. Alipofika kidole cha kumi alikuwa ameshika kalamu yetu na anaandika mwenyewe. Orodha yetu ya safari ilitoka hapo. Aliongeza: “Mkimbizi hana siku ya kujitayarisha. Ninyi mnayo, basi msiipoteze.” Wiki iliyofuata alikuja kwenye mkutano na faranka zake za likelemba.

Pesa na maji

Tulianza mapema, katikati ya mwezi wa tano. Kila mama aliweka 5,000 faranka kwa juma, kwa majuma kumi. Wamama saba, ikawa 350,000 faranka. Pesa hiyo ililipa bisi ya kwenda na kurudi, kamba, mabashi mawili na vitu vya dawa. Chakula kila familia ilileta kutoka nyumbani, maana kula tungekula hata kama tungebaki Ruashi.

Tulikuwa watu 29: wamama saba, wababa watatu, watoto kumi na tisa. Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa na miezi minane. Tulipanga lita 4 kwa mtu mmoja kila siku kwa kunywa na kupika. Kwa siku mbili ni lita 232, basi tulibeba bido kumi na mbili za lita 20. Watu walituambia ni mzigo wa bure, shamba lina kisima. Ndiyo, kina kisima, na maji yake tuliyatumia kuogea na kuoshea vyombo. Lakini maji ambayo tumbo la mtoto halijazoea, hata yawe meupe kama kioo, hayapiti mdomoni bila kuchemshwa. Yaache yatokote kweli kwa dakika moja nzima, na kufuka moshi tu hakutoshi. Halafu yafunikwe yapoe.

Usiku wa majaribio katika lupango

Hii ndiyo shauri yetu ya kwanza kwa kila familia: kabla ya kwenda porini, laleni nje usiku mmoja katika lupango yenu. Sisi tulifanya hivyo juma mbili kabla ya safari, na usiku ule ulitufundisha kuliko vitabu.

Tulifunga kamba kati ya miti miwili ya maembe, tukatupa bashi juu yake, tukaweka mawe pembeni. Watoto waliingia kwa furaha. Saa nne usiku furaha ikaisha, baridi ikaingia. Tunajua wote baridi ya hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200, mchana jua linachoma, na alfajiri mikono inakufa ganzi. Lakini ndani ya nyumba hatuijui vizuri. Nje tuligundua kwamba baridi mbaya inatoka chini. Watoto walikuwa na blanketi mbili juu na mkeka mmoja tu chini, wakatetemeka. Tuliamka, tukaleta makartoni, tukayapanga chini ya mkeka, na papo hapo mambo yakabadilika. Kwa safari tulitayarisha magunia yaliyojazwa maganda makavu ya mahindi, tukayakung'uta na kuyaanika juani kwanza. Kumbukeni hesabu hii: blanketi moja juu, basi vitu viwili chini.

Usiku uleule lilitokea jambo ambalo mpaka leo tukilisema tunashika kifua. Mmoja wetu, mama wa mtoto wa miezi minane, alimwona mtoto ana mikono baridi. Akachukua mbabula iliyokuwa na makala mekundu, isiyo na moshi hata kidogo, akaiingiza chini ya bashi, akashusha pembe zote nne ili joto lisitoke. Hakufanya kwa ujinga, alifanya kwa mapenzi. Na wangapi kati yetu hawafanyi hivyo ndani ya chumba, mwezi wa sita?

Mama wa Mitwaba ndiye aliyeona mwanga. Alikuja mbio, akainua bashi, akaivuta mbabula nje kwa mkono wake, akaungua vidole viwili. Mtoto alikuwa analala vizuri. Mama yake alisema kichwa kinamgonga kidogo, akafikiri ni uchovu. Ile haikuwa uchovu. Makala yanayowaka mahali palipofungwa yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, analala, na haamki. Moshi ukiisha sumu bado ipo, basi makala kuwa mekundu si dalili ya usalama. Wamama, tunawaomba kama ndugu: mbabula isiingie ndani ya hema, isiingie chini ya bashi, isiingie chumbani usiku. Hata ukiacha dirisha kidogo, usiijaribu.

Tulifanya nini badala yake? Tulichemsha maji, tukajaza chupa ngumu zenye kifuniko kizuri, tukafunga kila chupa ndani ya kikwembe, tukaweka karibu na miguu ya watoto wakubwa. Maji yawe ya moto wa kuvumilika mkononi, yasichome. Mtoto mchanga alilala kifuani mwa mama yake, kofia kichwani na soksi miguuni. Asubuhi wote walikuwa na joto.

Mfuko wa dawa na mustikere

Kiangazi mbu wanapungua lakini hawaishi, na malaria haina vakansi. Tulibeba mustikere zilizotiwa dawa, moja kwa kila familia, tukazifunga chini ya bashi kwa kamba na kuzichomeka chini ya mkeka. Tuliwavalisha watoto suruali ndefu na soksi kabla ya jua kuzama.

Kabla ya kuondoka tuliuliza munganga wa kituo cha afya cha mtaa atuandikie kiasi cha dawa ya homa kwa kila mtoto kufuatana na uzito wake. Tulimpima kila mtoto, tukaandika kwenye karatasi moja. Usiku wa manane, mtoto ana homa na tochi inafifia, mama hawezi kukumbuka hesabu. Tulikubaliana pia kwamba mtoto akipata homa hatungoji asubuhi ya tatu. Tunarudi mjini siku ileile apimwe damu. Kwa hiyo baba mmoja alikuja na gari lake dogo, likakaa shambani siku zote mbili, tangi imejaa, uso wake umeelekea barabarani.

Kwa kuhara tulibeba sukari na chumvi: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anapewa kidogo kidogo, mara nyingi. Kwa kuungua moto, maji baridi safi yamwagwe juu ya kidonda kwa dakika 20, wala si dawa ya meno, wala si mafuta. Kwa nyoka, tulifundishana kile tusichopaswa kufanya: hatukati kwa wembe, hatunyonyi, hatufungi kamba ya kukaza. Mgonjwa analala asitembee, mguu au mkono unafungwa kwenye kijiti usicheze, na gari linawashwa kwenda hospitali.

Kazi ya watoto, na firimbi

Kama walimu tunajua kitu kimoja: mtoto asiye na kazi ndiye anayepotea. Basi kila mtoto alipewa kazi ambayo kweli tuliitegemea. Wa miaka minne alichunga kikombe chake mwenyewe, chenye jina lake. Wa miaka sita walihesabu bido kila jioni. Wa miaka tisa walizuia wadogo wasikaribie moto. Wakubwa walibeba majembe ya kupalilia nyasi.

Na kila mtoto alivaa firimbi shingoni, zile za plastiki za sokoni. Sheria tuliiimba majuma mawili: “Ukipotea, usikimbie. Chagua mti mmoja, ukae naye, piga firimbi mara tatu, ngoja, piga tena.” Mtoto anayekaa mahali pamoja anapatikana upesi. Anayekimbia anatafuta njia anazidi kwenda mbali.

Hapa mama wa Mitwaba alishindwa tena. Alitoka nje ya mkutano. Tulimfuata, tukamkuta amesimama ukutani. Akasema: “Mimi binti yangu nilimfundisha kunyamaza. Nilimziba mdomo kwa mkono huu. Kule, mtoto akilia mnakufa wote. Mpaka leo akiwa na shida halii, anakwenda kukaa chini ya kitanda.” Binti huyo leo yuko sekondari. Sisi tulikuwa tumemsifu siku zote kwa utulivu wake.

Hatukusema mengi. Siku iliyofuata tuliona ameichukua firimbi ya binti yake na ya mdogo wake wa miaka mitano, akazifunga kamba mpya nyekundu.

Barabara ya Kasenga

Tuliondoka siku ya tano asubuhi. Barabara ile inajua kusimulia. Wanaume wanasukuma baiskeli zenye magunia ya makala marefu kuliko wao, wanaelekea mjini, nasi tunakwenda walikotoka. Watoto walinyamaza dirishani. Yule wa “kwenye gunia” ni mtoto wa jirani yetu, naye alikuwemo. Tulimwonyesha visiki vya miti upande wa kuume na wa kushoto, mwendo mrefu, kabla miti mirefu haijaanza. Aliuliza: “Yote hii tumeipikia bukari?” Tukamwambia ndiyo, mingi yake.

Kisha vikatokea vichuguu. Mgeni akija Katanga anashangaa, na watoto wetu walishangaa kama wageni: vilima vya udongo mwekundu, vingine mita 5 na zaidi kwenda juu, vipana kama nyumba, vimeota miti kichwani. Tuliwaambia kwamba vimejengwa na mdudu mdogo, kwa miaka mingi sana, na kwamba matofali ya nyumba nyingi za Lubumbashi yametoka kwenye udongo huo.

Shambani kitu cha kwanza hatukufungua mizigo. Tulikwenda na kambo kumsalimu mkubwa wa kijiji, tukampa sukari na sabuni, tukamweleza sisi ni nani na tutalala wapi. Alitupa neno moja la thamani: majirani wangechoma nyasi siku ya posho upande wa mashariki. Mwezi wa saba na wa nane moto wa pori unatembea na upepo haraka kuliko mtu. Kama hatungemsalimu tusingejua. Tuliweka kambi upande mwingine, kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, na wakubwa wakapalilia mzunguko wote, hatua tano upana, mpaka udongo mtupu. Moto wetu wa kupikia tuliuwasha ndani ya shimo, bido ya maji na mchanga kando yake. Choo kilichimbwa mbali na kisima, njia yake ikafagiliwa na kuwekwa kamba ili mtoto aifuate usiku kwa mkono.

Tulikula bukari, sombe na ndakala. Munkoyo tuliutengeneza nyumbani siku mbili kabla, ukawa umefika ladha yake. Ajabu ni kwamba watoto wanaosumbua mezani walikula bila kuitwa mara mbili.

Dakika ishirini

Jioni ya pili, jua likiwa linashuka, tulihesabu watoto kama kawaida. Kumi na nane. Tukahesabu tena. Kumi na nane. Aliyekosekana ni yule mdogo wa miaka mitano, mtoto wa mama wa Mitwaba. Alikuwa amefuata ndege nyuma ya kichuguu, na nyuma ya kichuguu kuna kingine, na vyote vinafanana.

Wamama, mnajua mwenyewe hali ya mwili katika dakika ile. Tulitaka kutawanyika wote tukipiga kelele. Mama yake mwenyewe ndiye aliyetuzuia. Alisema: “Nyamazeni. Nyamazeni wote, nimsikilize.” Watu 28 tukasimama kimya. Tulisikia upepo, tulisikia moshi wa mbali unavyopasua nyasi. Hakuna kitu. Ndipo binti yake mkubwa, yule aliyefundishwa kunyamaza, akashika firimbi yake na kupiga mara tatu kwa nguvu zote. Tukangoja. Akapiga tena. Mara ya tatu ikajibu nyingine, ndogo, mbali, upande wa kisima cha zamani.

Tulimkuta ameukumbatia mti wa musuku, machozi yamekauka usoni, firimbi mdomoni. Zilikuwa zimepita kama dakika ishirini. Hakuwa amekimbia. Alisema tu: “Nilikaa na mti.” Mama yake alimchukua, hakumpiga, hakusema. Halafu akamvuta na yule binti mkubwa, akawashika wote wawili pamoja kwa muda mrefu. Sisi tulirudi kambini polepole, tukawaacha.

Kosa lilikuwa letu. Tulihesabu watoto asubuhi, saa sita na jioni, na saa ya giza inapokaribia hiyo haitoshi. Sasa tunahesabu kila nusu saa kuanzia saa kumi alasiri, na kila mtoto mdogo ana mkubwa wake anayemjibia kwa jina.

Usiku ule hakuna aliyetaka kulala mapema. Tulifunika moto, tukazima tochi. Nyota zilishuka mpaka juu ya mahindi makavu. Kambo aliwaonyesha watoto zile nne za msalaba upande wa kusini, akawaambia kwamba ukizijua hizo unajua upande mmoja wa dunia, na ukijua mmoja unajua yote minne. Mama wa Mitwaba alikuwa amelala chali juu ya mkeka, watoto wake kila upande. Akasema kwa sauti ndogo: “Nilizitazama hizi kila usiku wakati ule. Sikujua zina jina.”

Kwa mwaka huu

Tunakwenda tena baada ya siku ya wazazi ya tarehe 1 mwezi wa nane, tukishamaliza kuwakumbuka waliolala makaburini na kuwafurahisha walio hai. Familia kumi zinaweza kuja, si zaidi, maana hesabu ya watoto ndiyo inayotuongoza. Anayetaka aje kwenye mkutano wa siku ya posho na vitu hivi vimekwisha kufanyika: watoto wamepimwa uzito, familia imelala usiku mmoja nje katika lupango, na kila mtoto anajua kuimba sheria ya mti na firimbi.

Mama wa Mitwaba ndiye atakayekagua mizigo. Msimletee begi lisilo na chumvi wala kiberiti ndani ya mfuko usioingia maji, atawarudisha nyumbani. Na msijaribu kumwonyesha mbabula ya “kupasha joto kidogo tu”. Vidole vyake viwili bado vina alama.